Sapraizi, ghafla na kushtukiza

Mjini Keroka, mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira, neno "sapraizi" limezoeleka: keki ya siku ya kuzaliwa ni sapraizi, mgeni asiyepiga simu naye ni sapraizi. Neno hilo la Kiingereza hubeba yote. Kiswahili huchagua.

Mvua ikimkuta mama muuza ndizi kabla hajatandaza turubai, imenyesha ghafla. Kanjo, yaani askari wa kaunti, wakitokea sokoni bila taarifa, huo ni msako wa kushtukiza: wao waliupanga, wachuuzi ndio hawakujua. Ghafla hutaja wepesi wa tukio. Kushtukiza hutaja nia ya mtendaji. Ndiyo maana tunasema "ziara ya kushtukiza" lakini "kifo cha ghafla". "Ajali ya kushtukiza" haifai, kwani ajali haina aliyeipanga.

Ghafla ina asili ya Kiarabu, ambako maana yake ni kutokuwa makini. Kitenzi ghafilika bado kimeihifadhi maana hiyo: aliyeghafilika hakuwa macho.

Na keki je? Sema, "Wenzake walimshtukiza kwa keki." Waliipanga, naye akafurahi.