Mungu Mwenyezi na Damu Iliyomwagika Kwetu

Katika Kanuni ya Imani twasema ya kuwa twamsadiki Mungu Baba Mwenyezi. Lakini mtu aliyemzika mwanawe hawezi kulitamka neno hilo bila moyo wake kumwuliza: Ikiwa Mungu aweza yote, mbona hakuzuia? Swali hili si kufuru. Yobu aliuliza hayo, na mwishowe Mungu aliwakasirikia rafiki zake waliojidai kuijua sababu ya mateso yake.

Basi, tuitazame historia yetu wenyewe. Mwaka wa 1994, baada ya mauaji ya kimbari katika Rwanda, wakimbizi malaki kwa malaki waliingia Kivu. Hapa kwetu Kavumu, makambi ya Kashusha na Inera yakawa miji ya mahema. Ndani yake walikuwamo wajane na watoto wachanga, na pia watu wenye damu mikononi, hata huruma yenyewe ikawa kazi ngumu. Askofu Mkuu wa Bukavu wakati ule alikuwa Baba Christophe Munzihirwa, mtawa wa Shirika la Yezu, mzaliwa wa Bushi wa mwaka wa 1926, aliyekuwa kwanza Askofu wa Kasongo. Aliwatetea wasio na kosa pasipo kuwauliza kabila, akawakemea askari waliowanyang'anya raia mali. Alizoea kusema ya kwamba yako mambo yasiyoonekana ila kwa macho yaliyokwisha kulia.

Tarehe 29 Oktoba 1996 vita viliingia Bukavu. Jioni ile askari walimwua Baba Askofu pale Nyawera. Yasimuliwa kwamba alishuka katika gari akiushika msalaba wake. Mwili wake ulilala barabarani mpaka kesho yake. Siku chache baadaye makambi ya hapa kwetu nayo yakavunjwa, wakimbizi wakashika njia ya msituni, na wengi walifia huko.

Kwenye maziko twasikia watu wakisema: "Ni mapenzi ya Mungu." Neno hilo lafariji mzee anapokufa kwa uzee kitandani pake. Lakini tukilisema mbele ya mtu aliyepigwa risasi, tumemfanya Mungu kuwa muuaji, naye muuaji tumemfungulia mlango aende zake. Mtakatifu Augustino, askofu wa Afrika, alifundisha kwamba Mungu asingaliruhusu ubaya wo wote kama asingaliweza kutoa wema hata katika ubaya. Kuruhusu si kutenda. Ndugu zake Yosefu walimwuza, na Mungu akaligeuza tendo lile, watu wengi wakaokoka na njaa. Hata hivyo kumwuza ndugu kulibaki dhambi, nao walitetemeka walipomtambua. Vivyo hivyo Pilato: wokovu wetu ulipatikana Msalabani, wala hukumu yake haikuwa ya haki kwa ajili hiyo.

Twaja sasa kwa jambo tunalolisema kwa uchungu. Tangu mwaka wa 2013 hata 2016, katika Kavumu hii, watoto wa kike wapatao 40 walinyakuliwa usiku kutoka nyumba za wazazi wao, wakanajisiwa. Wengine walikuwa hawajajua hata kusema vizuri. Watenda maovu waliamini kwamba damu ya watoto ingewakinga na risasi. Ndivyo ushirikina unavyofanya, humpa mtu mungu mwingine asiyemkataza neno lo lote. Wazazi wangaliweza kukaa kimya na kusema kwamba Mungu ndiye aliyetaka. Tena kulikuwa na sababu ya kuogopa, maana kati ya wakosaji alikuwamo mjumbe wa bunge la jimbo.

Hawakukaa kimya. Mnamo Novemba 2017 mahakama ya kijeshi ilikuja kuketi papa hapa Kavumu, na tarehe 13 Desemba watu 11 walihukumiwa kifungo cha maisha. Mashahidi waliletwa wamefunikwa nguo toka kichwani hata miguuni, ili mtu asiwajue. Wakasema waliyoyaona, na majaji wakawasikiliza.