Ukimya Uliobebwa na Ndoo ya Deki

Mwaka 1857, British Museum ya London ilifungua chumba kipya cha kusomea chini ya kuba lenye upana wa mita 43 hivi. Wazo lilikuwa la Antonio Panizzi, na michoro ikafanywa na Sydney Smirke. Kuba la namna hiyo hurudisha kila mshindo, na viatu vya zama zile vilikuwa na soli ngumu za ngozi. Kwa hiyo sakafu ilitandikwa kamptulikoni, yaani mpira uliochanganywa na unga wa gome la mwaloni, gome lile lile la kutengenezea vizibo vya chupa, ili nyayo za mtu mmoja zisimkatize mwenzake kusoma. Mtu angedhani majengo mengine ya umma yangefuata njia hiyo. Hayakufuata. Ukiipitia historia ya sakafu za hospitali, shule na ofisi za Uingereza na Marekani tangu siku hizo, utaona kwamba ukimya ulinunuliwa kwa ajili yake wenyewe mara chache sana. Kwa kawaida uliingia ukiwa umebebwa na usafi au bei nafuu, na hivyo viwili vilipopata mbebaji mwingine, ukimya uliachwa njiani.

Ushahidi mzito ni linoliamu. Frederick Walton aliipatia hataza mwaka 1863: mafuta ya mbegu za kitani yaliyogandishwa kwa hewa, yakachanganywa na unga wa gome la mwaloni, kisha yakashindiliwa juu ya kitambaa cha juti. Mwaka uliofuata kampuni yake ikaanza kazi Staines, karibu na London. Kamptulikoni ilitegemea mpira, bidhaa ya mbali na ya gharama. Linoliamu haikuuhitaji, ikaifuta sokoni. Ilipofika 1878 mahakama iliamua kwamba jina hilo halikuwa mali ya Walton peke yake, na kampuni ya Nairn ya Kirkcaldy ikawa huru kulitumia. Wanunuzi walivutiwa na nini? Haikuwa na nyufa za kuficha vumbi kama mbao, na ilipigwa deki kwa maji kidogo ikang'aa. Kwamba nyayo zilisikika kwa upole kuliko juu ya mawe ilikuwa nyongeza tu, na nyongeza ndogo: linoliamu nyembamba hupunguza mshindo kwa desibeli chache, ilhali zulia zito huupunguza kwa 20 au zaidi, kwa kuwa ulaini wake hurefusha muda wa pigo na kulikata makali. Florence Nightingale anaonyesha mvutano huo vizuri. Katika kitabu chake cha uuguzi cha 1859 aliishambulia kelele inayomsumbua mgonjwa, hata mchakacho wa magauni ya wauguzi. Lakini katika kitabu hicho hicho aliyalaani mazulia kama maficho ya uchafu. Hospitali zilipochagua kati ya maonyo hayo mawili, zilisikiliza la uchafu, na siwezi kuzilaumu: maambukizo yaliua watu wengi kuliko vishindo.

Kuna atakayepinga kwamba maktaba na makanisa mengi yalitandika aina nene na laini ya linoliamu, yenye chenga kubwa za gome, kwa sababu ya utulivu tu. Ni kweli. Ila hizo ni nyumba ambazo utulivu ndiyo kazi yake; hazituelezi lolote kuhusu ofisi ya posta au ukumbi wa shule. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la sayansi. Wallace Sabine wa Harvard, aliyeanza mwaka 1895 kupima mwangwi wa ukumbi kwa kuujaza mito ya viti, alionyesha kwa hesabu kwamba vitu laini humeza sauti. Je, elimu hiyo haikubadili uchaguzi wa sakafu? Ilibadili dari. Kuanzia miaka ya 1920 vigae vyenye vitundu vilibandikwa juu ya vichwa vya watu, mahali pasipokanyagwa wala kupigwa deki, na sakafu ikaruhusiwa kubaki ngumu. Lakini dari ya chumba humeza sauti iliyokwisha kuzaliwa. Kisigino kinapogonga zege, pigo husafiri ndani ya zege lenyewe hadi kwa jirani wa chini.

Baada ya Vita vya Pili, vigae vya plastiki viliing'oa linoliamu kwa kuwa vilihitaji nta na jasho kidogo zaidi, na hakuna aliyeuliza vinalia vipi. Mazulia nayo yakaenea maofisini pale mashine za kushona nyuzi za nailoni, hasa za Dalton katika jimbo la Georgia, zilipoyashusha bei.

Mambo yalianza kugeuka pale mshindo ulipopata kipimo chake: mashine yenye nyundo 5 za gramu 500, kila moja ikianguka milimita 40, mapigo 10 kwa sekunde, huku kipaza sauti kikisikiliza chumba cha chini. Kinachopimika huweza kuandikwa katika sheria. Uingereza iliweka kikomo cha mshindo kwa shule mpya mwaka 2003, na tangu hapo mnunuzi wa sakafu ya darasa hutakiwa kutaja desibeli kabla hajaulizwa kuhusu rangi, na hata kabla ya msafishaji kutoa maoni yake.