Fabrice Muamba: Kiungo aliyeanguka uwanjani na kurudi kutoka mlango wa kifo

Jina la Fabrice Muamba halitajwi sana siku hizi kwenye vibanda vya kuonyesha mpira. Hakushinda Ligi Kuu ya Uingereza wala hakucheza Kombe la Dunia, na alistaafu akiwa na miaka 24, umri ambao wachezaji wengi ndio kwanza wanaanza kung'ara. Hata hivyo, maisha yake yanaeleza jambo linalomhusu kila anayecheza, anayefundisha au anayetazama mpira, hata kwenye kiwanja cha vumbi nyuma ya shule ya kijiji: mchezaji akianguka bila kuguswa na mtu, dakika chache zinazofuata ndizo zinazoamua kama atainuka tena.

Muamba kwa ufupi

Alizaliwa: Aprili 6, 1988, Kinshasa, Zaire (sasa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo)
Nafasi: kiungo mkabaji
Klabu: Arsenal, Birmingham City, Bolton Wanderers
Timu ya taifa: Uingereza chini ya miaka 21, mechi 33
Alistaafu: Agosti 15, 2012

Kutoka Kinshasa hadi London

Muamba alizaliwa wakati Kongo bado ikiitwa Zaire, chini ya Rais Mobutu Sese Seko. Baba yake alikuwa karibu na watu wa utawala huo. Mambo yalipochafuka akahofia usalama wake, na mwaka 1994 alikimbilia Uingereza, akaiacha familia nyuma.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu kwa Wakongo wengi. Vita vilianza mwaka 1996, na Mei 1997 Mobutu aling'olewa madarakani na majeshi ya Laurent Kabila. Muamba alikuwa mtoto wa shule ya msingi wakati huo. Mwaka 1999, baada ya baba yake kuruhusiwa kuishi Uingereza, Fabrice na mama yake walimfuata. Alikuwa na miaka 11 na hakujua Kiingereza cha maana.

Waliishi mashariki mwa London. Huko shuleni alijifunza lugha, akafaulu mitihani yake vizuri na kuendelea na masomo ya sekondari ya juu, jambo ambalo vijana wengi waliochukuliwa na klabu kubwa hawalifikishi mwisho. Mpira ulimfungulia mlango wa pili. Mwaka 2002 aliingia kwenye shule ya soka ya Arsenal, akiwa na miaka 14.

Kiungo wa kazi ngumu

Muamba hakuwa kiungo wa chenga na mabao. Alikuwa yule anayesimama mbele ya mabeki, anayekimbia kuziba nafasi, anayenyang'anya mpira na kumpa mwenzake aliye karibu. Mchezaji wa aina hii haonekani sana kwenye picha za mabao, lakini asipokuwepo timu nzima huyumba.

Mechi yake ya kwanza kwa kikosi cha wakubwa cha Arsenal ilikuwa Oktoba 2005, katika Kombe la Ligi dhidi ya Sunderland. Arsenal ya kocha Arsène Wenger ilikuwa imejaa viungo hodari, na kijana wa miaka 17 alikuwa na nafasi ndogo ya kupenya. Agosti 2006 alipelekwa kwa mkopo Birmingham City, iliyokuwa daraja la pili chini ya kocha Steve Bruce. Alicheza zaidi ya mechi 30 za ligi msimu huo, na Birmingham ikapanda Ligi Kuu. Mwaka 2007 klabu hiyo ilimnunua moja kwa moja.

Birmingham ilishuka tena baada ya msimu mmoja, lakini Muamba alikuwa tayari amejijengea jina. Juni 2008 Bolton Wanderers walimchukua kwa takriban pauni milioni 5. Huko alikaa miaka minne na kucheza zaidi ya mechi 100 za Ligi Kuu.

Katika timu ya taifa ya vijana chini ya miaka 21 alicheza mechi 33. Mwaka 2009 alikuwa kwenye kikosi kilichofika fainali ya Kombe la Ulaya la vijana nchini Sweden na kufungwa na Ujerumani mabao 4-0. Ujerumani hiyo ilikuwa na Manuel Neuer, Mesut Özil na Sami Khedira, ambao miaka mitano baadaye walitwaa Kombe la Dunia. Muamba hakuwahi kuitwa kucheza timu ya wakubwa ya Uingereza. Muda wa kusubiri wito huo ulikatika ghafla.

Jioni ya Machi 17, 2012

Siku hiyo Bolton walikuwa London, uwanja wa White Hart Lane, kucheza na Tottenham katika robo fainali ya Kombe la FA. Matokeo yalikuwa 1-1 na mapumziko yalikaribia. Muamba, akiwa na miaka 23, alianguka kifudifudi. Hakuwa na mpira na hakuna mchezaji aliyemgusa.

Wachezaji wa pande zote mbili waliona haraka kwamba hii si ajali ya kawaida, wakaanza kuwaita madaktari kwa mikono. Daktari wa Bolton, Jonathan Tobin, na wahudumu wengine walimgeuza na kuanza kumbonyeza kifua hapo hapo kwenye nyasi. Jukwaani alikuwepo daktari bingwa wa moyo, Andrew Deaner, aliyekuja kama shabiki wa Tottenham. Aliwaomba walinzi wamruhusu kuingia uwanjani, akajiunga na wenzake, na ndiye aliyeshauri mgonjwa apelekwe hospitali maalumu ya moyo alikokuwa akifanya kazi, London Chest Hospital, badala ya hospitali iliyokuwa karibu zaidi.

Muamba alishtuliwa kwa umeme mara 15: uwanjani, kwenye njia ya kutokea uwanjani na ndani ya gari la wagonjwa. Moyo wake haukurudi kupiga wenyewe kwa dakika 78. Muda wote huo mikono ya watu ndiyo iliyofanya kazi ya moyo.

Mwamuzi Howard Webb alivunja mchezo. Mashabiki wa timu zote mbili waliimba jina la Muamba. Siku iliyofuata, Gary Cahill wa Chelsea, aliyewahi kucheza naye Bolton, alifunga bao na kuonyesha fulana yenye maandishi ya kumwombea. Wachezaji wa Real Madrid nao waliingia uwanjani na fulana za kumtakia afya njema.

Siku mbili baada ya kuanguka, Muamba aliwatambua ndugu zake na kuanza kuzungumza. Aprili 6 alitimiza miaka 24 akiwa hospitalini, na Aprili 16 aliruhusiwa kwenda nyumbani. Ndani ya kifua chake aliwekewa kifaa kidogo kinachofuatilia mapigo ya moyo na kuushtua kwa umeme ukianza kwenda vibaya.

Mei 2 aliingia kwenye uwanja wa Bolton kusalimia mashabiki, siku ambayo wageni walikuwa Tottenham wale wale. Timu yake ilishuka daraja siku ya mwisho ya msimu, kwa upungufu wa pointi moja, baada ya miaka 11 kwenye Ligi Kuu. Agosti, baada ya kumwona daktari bingwa nchini Ubelgiji, Muamba alitangaza kwamba hatacheza tena.

Kwa nini alipona?

Hapa tutenganishe mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Mshtuko wa moyo hutokea pale mshipa unaoupelekea moyo damu unapoziba. Mgonjwa huyu mara nyingi ana fahamu na analalamika maumivu ya kifua. Kusimama kwa moyo ni jambo lingine. Umeme wa asili unaouongoza moyo huvurugika, moyo hutetemeka tu bila kusukuma damu, na mtu huanguka, hupoteza fahamu na huacha kupumua kama kawaida. Hilo la pili ndilo lililompata Muamba.

Ubongo usipopata damu huanza kuharibika ndani ya dakika nne hadi sita hivi. Kila dakika inayopita bila kubonyezwa kifua na bila mashine ya kushtua moyo, nafasi ya kupona hupungua kwa takriban asilimia 10. Kubonyeza kifua hakuurudishi moyo mara nyingi, lakini hupeleka damu kwenye ubongo na kununua muda. Mashine ndiyo inayoweza kuurudisha moyo kwenye mapigo yake. Muamba alipata vyote viwili, na alivipata mapema.

Cha kuzingatia ni kwamba Muamba alikuwa amepimwa moyo zaidi ya mara moja akiwa mchezaji, na vipimo havikuonyesha tatizo. Kupima ni muhimu, lakini hakuondoi hatari yote.

Wengine hawakubahatika. Juni 26, 2003, kiungo wa Cameroon, Marc-Vivien Foé, alianguka katika mechi dhidi ya Colombia mjini Lyon, Ufaransa. Alifariki akiwa na miaka 28. Kwa upande mwingine, Juni 12, 2021, Christian Eriksen wa Denmark alianguka kwenye mechi dhidi ya Finland mjini Copenhagen. Alibonyezwa kifua na kushtuliwa kwa umeme uwanjani, akapona, na mwaka uliofuata alirudi kucheza akiwa na kifaa kifuani.

Na kwenye uwanja wa kijijini?

Msikilizaji anaweza kusema: hao walikuwa na madaktari, mashine na gari la wagonjwa, sisi tuna nyasi na filimbi ya mwamuzi. Ni kweli, na si vizuri kudanganyana. Bila mashine, nafasi ya kupona ni ndogo zaidi. Lakini ile sehemu ya kwanza ya matibabu ya Muamba haikuhitaji mashine. Ilihitaji mikono miwili na mtu anayejua la kufanya.

Mchezaji akianguka bila kugongwa, mara nyingi huku kwetu watu humzunguka, mmoja humwagia maji, mwingine humpepea kwa fulana, wengine husema ni kifafa au amerogwa. Dakika nne huisha hivyo. Fanya haya badala yake:

1. Mwite kwa sauti na mtikise mabega. Kama haitikii, tazama kifua chake kwa sekunde zisizozidi 10. Kukoroma au kutweta kwa kuvuta hewa mara moja moja si kupumua.

2. Kama anapumua vizuri, mlaze ubavu na mfuatilie. Kama hapumui kama kawaida, mtume mtu mmoja apige simu na kutafuta gari. Wewe usiondoke.

3. Mlaze chali mahali pagumu. Weka kiganja katikati ya kifua, kingine juu yake, nyoosha mikono na bonyeza kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Acha kifua kiinuke kila baada ya kubonyeza.

4. Pokezaneni kila baada ya dakika mbili, kwa sababu kazi hii inachosha. Msiache mpaka apumue au mhudumu wa afya afike.

5. Kama umefundishwa kupuliza pumzi, puliza mara 2 kila baada ya kubonyeza mara 30. Kwa mtoto au mtu aliyezama majini, pumzi ni muhimu sana. Kwa mtu mzima aliyeanguka ghafla, kubonyeza peke yake ni bora kuliko kukaa bure.

6. Usimpakie kwenye pikipiki. Hakuna anayeweza kumbonyeza kifua akiwa amekalishwa katikati ya watu wawili. Tafuteni gari ambalo anaweza kulala chali, na mwendelee kubonyeza njiani.

Watu wengi huogopa kumvunja mgonjwa mbavu. Ubavu huweza kuvunjika, na hupona. Mtu ambaye moyo umesimama hawezi kuumizwa zaidi ya alivyo.

Zipo pia dalili za mapema ambazo kocha na mzazi wasizipuuze: kijana kuzimia akiwa anakimbia, maumivu ya kifua wakati wa mazoezi, moyo kwenda mbio bila sababu, au ndugu wa karibu aliyefariki ghafla akiwa kijana. Mwenye dalili hizo asimame kucheza mpaka apimwe hospitali. Kumwambia ajikaze ni kumhatarisha.

Maisha baada ya mpira

Muamba alirudi darasani, akahitimu shahada ya uandishi wa habari za michezo katika Chuo Kikuu cha Staffordshire mwaka 2015. Ameshiriki pia kampeni za kutaka watu wafundishwe kuokoa mtu ambaye moyo umesimama. Tangu Septemba 2020, shule za serikali England zinatakiwa kuwafundisha wanafunzi namna ya kubonyeza kifua, na baada ya Eriksen kuanguka, Ligi Kuu ilitoa fedha za kupeleka mashine za kushtua moyo kwenye klabu ndogo na viwanja vya mitaani.

Kwa timu ya kijiji, pa kuanzia pasipo gharama kubwa ni hapa: mwombeni mhudumu wa zahanati au mtu wa Msalaba Mwekundu aje siku moja ya mazoezi, awafundishe wachezaji, kocha na mwamuzi kubonyeza kifua kwa vitendo. Mkubaliane pia kabla ya kila mechi ni gari la nani litatumika likihitajika, na namba yake ya simu iwe kwa watu wawili au watatu. Ni maandalizi ya nusu saa tu, na mnaweza kuyafanya kabla ya mechi ya Jumapili.