Kutoka Chengwimbe hadi Wellington: Utafiti wa Nasaba na Asili ya Majina ya Ukoo ya Frere Town, Mombasa

Ikisiri

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 majina kama Jones, Semler na Wellington yaliingia Mombasa yakiwa majina ya Waafrika waliokombolewa utumwani. Makala haya yanafuatilia asili ya majina hayo kwa kuchunguza jina la Matthew Wellington, mmoja wa watu walioubeba mwili wa David Livingstone, na kulilinganisha na jina la Mbotela. Hoja kuu ni kwamba jina la ukoo la namna hii ni kumbukumbu ya safari na ya mkono uliolisajili. Halithibitishi damu, kabila wala uraia. Makala yanaonesha namna mtafiti wa nasaba anavyoweza kuzisoma tabaka za jina hilo, na yanapendekeza hatua za kisera kuhusu nyaraka na usajili wa watu.

1.0 Utangulizi

Mtafiti wa nasaba katika Afrika Mashariki kwa kawaida huanza na jina la ukoo, kisha huuliza ni la watu gani. Njia hiyo hufaa pale ambapo jina limepokezwa ndani ya jamii moja na katika lugha moja. Hufika ukingoni inapokutana na jina geni. Mtu ana jina la Kiingereza, lakini hana babu Mwingereza. Wazee wake husema walitoka bara, ila kijiji hakitajwi. Majirani humwita mtu wa misheni, neno linalotaja mahali alipolelewa babu yake bila kutaja alikozaliwa.

Makala haya yanashikilia kuwa katika hali hiyo swali lenyewe hubadilika. Kabla ya kuuliza jina ni la ukoo gani, mtafiti hana budi kuuliza ni nani aliyeliandika, wapi, na kwa lugha gani.

2.0 Usuli wa Kihistoria

Biashara ya watumwa kutoka eneo la Ziwa Nyasa ilipitia kwa wingi katika bandari ya Kilwa. Wayao, Wamakua, Wanyanja na wengineo walisafirishwa hadi Unguja, Uarabuni na visiwa vya Bahari ya Hindi. Manowari za Uingereza zilipoyakamata majahazi, waliokutwa humo hawakurudishwa makwao. Wengine walipelekwa Aden, wengine Ushelisheli, na wengine Bombay.

Huko India, Chama cha Misheni cha Kanisa la Uingereza (CMS) kiliwapokea baadhi ya watoto katika kituo cha Sharanpur, karibu na mji wa Nasik. Walifundishwa kusoma, kuandika na kazi za mikono, wakabatizwa. Kuanzia miaka ya 1860 baadhi yao walirudishwa Afrika, wakahudumu Rabai pamoja na mmisionari Johannes Rebmann. Miongoni mwao walikuwa William Jones na Ishmael Semler, ambao Askofu James Hannington aliwapa daraja la ushemasi mwaka 1885.

Tarehe 5 Juni 1873, baada ya ujumbe wa Sir Bartle Frere, Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na kufunga masoko yake. CMS ikamtuma William Salter Price, aliyekuwa amekiongoza kituo cha Sharanpur, aje kuanzisha makazi ya watu waliokombolewa. Makazi hayo yalijengwa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na kuitwa Frere Town kwa heshima ya Frere. Kengele iliyowekwa hapo ndiyo iliyoacha jina la Kengeleni, linalotumika hadi leo.

Hivyo makundi mawili yalikutana mahali pamoja: Waafrika waliorudi kutoka Bombay wakiwa na majina ya Kiingereza, na watu walioshushwa kutoka katika majahazi wakiwa bado na majina ya kwao. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa uchambuzi unaofuata.

3.0 Tabaka za Jina: Mfano wa Wellington

Matthew Wellington alizaliwa katika jamii ya Wayao, upande wa Ziwa Nyasa, akiitwa Chengwimbe. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa, na jahazi lililombeba likakamatwa na Waingereza. Alifikishwa India, akasoma Nasik. Mwaka 1872 alikuwa miongoni mwa vijana wa Nasik waliotumwa kwa Livingstone huko Unyanyembe, wakiwemo Jacob na John Wainwright, Benjamin na Richard Rutton, na Carus Farrar. Livingstone alifariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo. Vijana hao pamoja na Chuma, Susi na wengineo waliubeba mwili wake hadi pwani. Wellington aliishi Mombasa hadi kifo chake mwaka 1935.

Jina Wellington, likisomwa peke yake, halimwongozi mtafiti kufika Ziwa Nyasa. Asili yake ni mji wa Somerset, Uingereza. Jemadari Arthur Wellesley, aliyejipatia sifa katika vita vya India kabla ya kumshinda Napoleon, alilitwaa kuwa jina la cheo chake. Kwa hiyo hata kwa jemadari huyo halikuwa jina la ukoo. Lilipoandikwa ubavuni mwa jina la mtoto wa Kiyao lilikuwa tayari limehama mara mbili: kutoka mji kwenda kwenye cheo, na kutoka kwenye cheo kwenda katika daftari la shule.

Jina la kuzaliwa ndilo lenye taarifa zaidi, ila nalo linahitaji kusomwa kwa uangalifu. Katika Kiyao, neno *Che* hutangulia jina la mtu kwa heshima, kama inavyoonekana katika majina ya watawala Mataka na Mponda, ambao hutajwa pia kama Che Mataka na Che Mponda. Inaelekea basi kwamba Chengwimbe ni Che na Ngwimbe, vikiwa vimeunganishwa na sikio la mgeni aliyeandika alichosikia. Mtafiti anayetafuta tahajia moja tu katika daftari anaweza kumpita mtu anayemtafuta. Ujuzi wa isimu ya Kibantu hapa ni nyenzo ya kazi sawa na ujuzi wa nyaraka.

Kati ya jina la kuzaliwa na lile la ubatizo mara nyingi kulikuwa na tabaka la tatu: jina la utumwani. Misafara ya karne ya 19 imejaa akina Mabruki, Baraka, Feruzi, Farjalla na Majaliwa. Mengi yalikuwa majina ya kutakia heri au ya vito, yaliyotolewa na bwana bila kutaja baba. Kiongozi wa misafara Sidi Mubarak Bombay, Myao pia, alibeba historia yake yote katika maneno matatu: Sidi, jina walilopewa Waafrika nchini India, Mubarak, jina la baraka, na Bombay, mji aliopitia. Kati ya hayo hakuna hata moja lililotoka kwa wazazi wake.

Tahadhari mbili zinafuata. Kwanza, watu wawili wa misheni kushiriki jina moja, kama akina Wainwright au akina Rutton, hakutoshi kuthibitisha undugu wa damu, kwa kuwa jina liliweza kutolewa na taasisi ileile kwa watoto wasiohusiana. Pili, jina kama Juma au Baraka halithibitishi utumwa, kwa kuwa waungwana nao waliyatumia. Jina hupata maana likisomwa pamoja na daftari lililoliandika.

4.0 Jina Lililovuka: Mfano wa Mbotela

Mwaka 1934 kilichapishwa London kitabu cha Kiswahili, *Uhuru wa Watumwa*, kinachosimulia kutekwa, kuvushwa na kukombolewa kwa watu waliofikishwa Frere Town. Mwandishi wake, James Juma Mbotela, alikuwa mtoto wa mmoja wa watu hao. Jina lake lenyewe linaonesha tabaka zilizojadiliwa hapo juu: James la kanisani, Juma la pwani, na Mbotela lililotoka bara pamoja na baba yake.

Katika mfano huu jina la bara halikufutwa. Jina la mtu mmoja aliyekombolewa liligeuka kuwa jina la ukoo katika kizazi kilichofuata, na kutoka hapo likaingia katika historia ya taifa. Tom Mbotela, makamu wa rais wa chama cha Kenya African Union, aliuawa Nairobi Novemba 1952, na mtaa mmoja wa jiji hilo unaitwa kwa jina lake. Leonard Mambo Mbotela, aliyezaliwa mwaka 1940, alisikika redioni nchini Kenya kwa miongo mingi, na alieleza hadharani kuwa babu yake alitoka Malawi.

Ulinganisho huu una funzo. Mbotela na Wellington walitoka katika eneo moja la Ziwa Nyasa na wote walifika Frere Town. Kilichotofautisha majina yao ya ukoo ni njia. Aliyepitia shule ya India alifika na jina la Kiingereza, na mwingine akafika na jina la kwao. Mtu anayeyatazama majina hayo leo angeweza kudhani ni watu wa mabara mawili.

5.0 Ukoo Uliofichwa: Upande wa Mama

Wayao huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Kaka mkubwa hulea kundi la dada zake na watoto wao, liitwalo *mbumba*, na mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Usajili wa kimisheni na ule wa kiserikali uliofuata ulifanya kinyume: jina la baba lilirithiwa na watoto likawa jina la ukoo. Kwa hiyo jina Mbotela, ingawa ni la bara kwa sauti, linapofanya kazi ya jina la ukoo linafuata desturi ya daftari, na si ile ya Kiyao.

Kwa mtafiti athari ni kubwa. Akifuata jina la baba peke yake, anafuata mstari ambao babu yake Myao asingeuita ukoo. Daftari la ndoa, lenye majina ya wake na mashahidi, huwa na thamani kuliko orodha ya wakuu wa kaya. Vivyo hivyo, mahojiano na wazee yafaa yaanze na mama na bibi: majina yao ya utotoni, nyimbo za kubembelezea, miiko ya chakula, na majina waliyowapa wajukuu kwa njia ya usomo. Kumbukumbu za namna hiyo huweza kudumu hata pale jina la ukoo linapobadilika.

6.0 Athari za Kisera

Suala hili linagusa walio hai. Nchini Kenya, maombi ya vitambulisho yamekuwa yakihusishwa na kabila na mahali pa asili, na jina la ukoo ndilo ambalo afisa hulitazama kwanza. Wazao wa watu wa Frere Town na Rabai hujikuta wakidaiwa kijiji cha asili ambacho utumwa ulikifuta. Kutambuliwa kwa Wamakonde mwaka 2017 kuwa kabila la 43 la Kenya kulionesha kuwa dola inaweza kukiri uhamaji wa kihistoria na kuwapa watu nyaraka bila kuwataka wathibitishe kwamba hawakuhama.

Mapendekezo matatu yanatokana na uchambuzi huu. Kwanza, jina la ukoo lisitumiwe peke yake kuamua asili au uraia. Madaftari ya ubatizo, ndoa na mazishi ya makazi ya waliokombolewa yakubaliwe kuwa ushahidi. Pili, hifadhi za nyaraka za Kenya, Tanzania, Malawi na Msumbiji zishirikiane kuandaa faharasa moja ya majina, yenye tahajia zote zinazowezekana, na iunganishwe na nyaraka za CMS zilizohifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Birmingham. Tatu, faharasa hiyo iandaliwe pamoja na wanaisimu wa Kiyao, Kimakua na Kinyanja, na itolewe kwa Kiswahili ili familia zenyewe ziweze kuitumia.

7.0 Hitimisho

Jina geni la ukoo huonekana kama ukuta unaomzuia mtafiti wa nasaba. Mifano ya Wellington na Mbotela inaonesha kuwa ni waraka, na kama waraka wowote lina mwandishi, mahali na kusudi. Likisomwa hivyo, humwongoza mtafiti kutoka Kengeleni hadi Sharanpur, kutoka manowari hadi Kilwa, na hatimaye hadi Ziwa Nyasa. Safari hiyo si lazima iishie katika kijiji kimoja chenye jina. Kwa wazao wengi itaishia katika daftari, katika lugha ya bibi, na katika jahazi lililokamatwa. Hizo nazo ni asili, na sheria za usajili katika ukanda huu zinapaswa kuzipokea hivyo.