Punda Afe, Mzigo Ufike?

Waswahili husema, punda afe mzigo wa bwana ufike. Nimeisikia methali hii tangu utotoni, na kila anayeitumia huitumia kuhimiza kazi. Siku hizi naisoma kama kumbukumbu ya historia. Aliyeitunga hakuwa na haja ya kuuliza mzigo utafikaje punda akishakufa. Alijua punda mwingine yupo zizini.

Kwa muda mrefu sana alikuwepo. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 unaonyesha kwamba punda alianza kufugwa huku kwetu Afrika Mashariki, yapata miaka 7,000 iliyopita, kisha akaenea duniani. Huko Abydos, Misri, wanaakiolojia walifukua punda 10 waliozikwa kwa heshima kubwa katika makaburi ya mfalme, miaka 5,000 hivi iliyopita. Uti wa mgongo wa wanyama hao ulikuwa umelika kwa kubebeshwa mizigo. Walioenziwa ndio waliochoshwa.

Lamu nayo ina kisa kama hicho. Vichochoro vya mji wa kale havipitishi gari, kwa hiyo mawe, mchanga na saruji hupita mgongoni mwa punda. Mji unajivunia karne nyingi za ujenzi, lakini kituo cha kumtibu punda kilifunguliwa mwaka 1987 tu, tena na shirika la kutoka Uingereza.

Bara, mzigo mkubwa ni maji. Punda huweza kubeba madumu 4 ya lita 20 kwa safari moja. Mwanamke asiye na punda hubeba dumu moja, na akitaka maji yale yale lazima aende kisimani mara 4. Sidhani hesabu hiyo ilipewa uzito wakati machinjio ya punda yalipoanza kufunguliwa Kenya, mwaka 2016.

Soko lilikuwa Uchina, ambako ngozi ya punda huchemshwa kupata ejiao, gundi inayotumika katika dawa za jadi na vipodozi. Uchina ilikuwa na punda wapatao milioni 11 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kufikia mwisho wa miaka ya 2010 hawakufika milioni 3. Wanunuzi wakageukia Afrika. Yalipofunguliwa machinjio ya Mogotio, Naivasha, Turkana na Machakos, wapo waliofurahia ajira na bei nzuri, na siwalaumu. Lakini punda si kuku. Hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima na kuzaa mtoto mmoja. Taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo ya Kenya, KALRO, ilihesabu punda 301,977 waliochinjwa kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018, kasi iliyopita ile ya kuzaliana takriban mara 5.

Wizi ukafuata. Watu waliamka na kukuta zizi tupu, kisha mizoga iliyochunwa ngozi ikaonekana vichakani. Bei ya punda ikapanda hata aliyeibiwa akashindwa kununua mwingine. Hapo ndipo methali ilipoharibika: punda alikufa, na mzigo ukahamia mgongoni mwa mama na binti yake.

Wenye punda waliandamana, na Februari 2020 serikali ikatangaza kupiga marufuku biashara hiyo. Mei 2021 Mahakama Kuu ikaibatilisha marufuku. Februari 2024, mjini Addis Ababa, viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15.

Naupokea uamuzi huo kwa furaha, ila naona umejibu nusu ya swali. Punda aliyeponea kisu bado anaweza kufia njiani akiwa na kidonda kilichochimbwa na kamba, shogi isiyo na mto na fimbo ya mwenye haraka. Mto wa magunia makuukuu chini ya shogi, maji kabla ya safari na kivuli mchana si mambo ya gharama. Miaka 15 ni muda wa kutosha kuyafanya yawe mazoea, na kumhesabu punda kila tunapopanga visima na barabara za vijijini. Anayengoja maji nyumbani amekwisha kumhesabu.