Fomu ya 2C Dirishani
Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya wa Tanzania uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ukaanza kazi 2001 kwa watumishi wa umma: asilimia 3 ya mshahara kutoka kwa mtumishi, 3 kutoka kwa mwajiri. Dawa ikikosekana hospitalini, mgonjwa alipewa fomu ya 2C aje nayo kwetu, kwenye duka la dawa. Nimezipokea nyingi, nyingine zimelowa jasho. Bibi mmoja alileta ya vidonge vya presha, daktari hakuweka sahihi, dai letu kwa Mfuko lingekataliwa.

“Mjukuu wangu, nirudi tena kwa miguu?”

“Hapana, bibi. Kaa hapo kwenye benchi.”

Nikaipeleka fomu mwenyewe hospitalini ikatiwe sahihi. Nilipomkabidhi dawa, kadi yake ya bima aliifunga kwenye pindo la khanga, akalikaza fundo kwa meno.