Suez na Wiki ya Mwisho ya Kampeni

Jumatatu ya tarehe 29 Oktoba 1956, Rais Dwight Eisenhower alishinda siku nzima katika majimbo ya kusini mwa Marekani akiomba kura. Aliporejea Washington jioni, alipokelewa na habari kwamba majeshi ya Israel yameingia Sinai. Siku ya kupiga kura ilikuwa imebakiza siku nane.

Uhasama ulianza Julai, Rais wa Misri, Gamal Abdel Nasser, alipoutaifisha Mfereji wa Suez. Uingereza na Ufaransa zilipatana na Israel kwa siri, na jioni ya Oktoba 31 ndege zao zikaanza kuipiga Misri. Washirika hao wawili wa Marekani hawakuiarifu Washington.

Eisenhower aliacha sehemu kubwa ya kampeni. Hapo ndipo ulipokuwa ujanja wake, kama ni ujanja: alifuta safari nyingi, akakaa ofisini, na jioni hiyohiyo ya Oktoba 31 akatokea kwenye televisheni kwa takriban robo saa. Alisema Marekani haikushauriwa na haitaingia vitani. Hakumtaja mpinzani wake. Hakuomba kura. Usiku wa kuamkia Novemba 2, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliunga mkono azimio la Marekani la kusitisha vita kwa kura 64 dhidi ya 5, Uingereza na Ufaransa zikiwa miongoni mwa waliolikataa. Hotuba gani ya jukwaani ingempa rais sura ya namna hiyo?

Adlai Stevenson, mgombea wa Democratic, alibanwa kila upande. Akinyamaza, anasahaulika, akisema, anaonekana anachuma kura kwenye damu ya watu. Aliamua kusema. Akapewa muda wake wa televisheni, akadai kwamba sera ya serikali Mashariki ya Kati imeporomoka. Hoja yake ilikuwa na mashiko: tarehe 12 Oktoba, Eisenhower mwenyewe aliwaambia watazamaji kwamba inaonekana mgogoro wa Suez umeshapita. Lakini mwananchi aliyekuwa na hofu ya vita kuu ya tatu hakuwa anatafuta wa kumlaumu. Alikuwa anatafuta jenerali, na Eisenhower, jenerali wa zamani, alikuwa tayari yuko Ikulu.

Tena Stevenson alikuwa na mzigo wa zamani. Kwa wiki kadhaa alikuwa amehubiri kusimamishwa kwa majaribio ya bomu la haidrojeni. Katikati ya Oktoba, Waziri Mkuu wa Urusi, Nikolai Bulganin, alimwandikia Eisenhower barua iliyosifu msimamo wa watu mashuhuri wa Marekani wenye wazo hilo. Sifa ya namna hiyo kutoka Moscow ni sumu kwa mgombea yeyote wa Marekani, na vifaru vya Urusi vilipoingia Budapest alfajiri ya Novemba 4 kuzima mapinduzi ya Wahungaria, ikawa chungu zaidi.

Usiku wa mwisho kabla ya kura, akiwa Boston, Stevenson alicheza karata ambayo hata baadhi ya wafuasi wake waliiona haifai. Alisema ushahidi wa kitaalamu unaonyesha kwamba Eisenhower, aliyepata shtuko la moyo mwaka 1955, huenda asimalize muhula, na makamu wake, Richard Nixon, akarithi kiti.

Novemba 6 Eisenhower alikwenda Gettysburg kupiga kura, akarudi Washington kwa helikopta. Siku hiyohiyo Uingereza, huku paundi yake ikiyumba, ilikubali kusitisha mapigano. Usiku matokeo yakaja: majimbo 41 kati ya 48, kura 457 za wajumbe dhidi ya 73.

Si haki kuupa mgogoro sifa yote, kwa maana kura za maoni zilimweka Eisenhower mbele tangu kabla ya Sinai. Wala imani ya wapiga kura kwake haikukifikia chama chake. Democratic ilibaki na mabaraza yote mawili ya Kongresi, na Eisenhower akawa rais wa kwanza tangu Zachary Taylor mwaka 1848 kushinda bila chama chake kupata hata baraza moja.